Jina, Kisu na Joka: Uwezo na Ushujaa wa Mwanamke katika Riwaya za Earthsea za Ursula K. Le Guin

Utangulizi

Usawiri wa mwanamke ni suala lililojadiliwa kwa mapana katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, hasa kuhusiana na riwaya ya kihalisia, tamthilia na utenzi. Hata hivyo, utanzu wa fantasia haujapata nafasi ya maana katika mijadala hiyo. Sababu yake si ngumu kuitambua. Fantasia huhesabiwa kuwa fasihi ya watoto, au ya vijana wanaotaka kuukimbia ulimwengu, na mhakiki aliyezoea kuipima kazi kwa jinsi inavyoiakisi jamii huona haya kujishughulisha na majoka. Haya hiyo haina msingi. Jamii iliyolelewa kwa ngano za mazimwi na visa vya majini haina sababu ya kulikimbia joka eti kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza.

Makala haya yananuia kuchunguza namna uwezo na ushujaa wa mwanamke ulivyosawiriwa katika riwaya za Earthsea za mwandishi wa Kimarekani Ursula K. Le Guin (1929–2018). Riwaya tatu za mwanzo zilitoka katika miaka ya 1968, 1971 na 1972. Ya nne, Tehanu, ilitoka mwaka 1990, baada ya kimya cha miaka kumi na minane. Na mwaka 2001 zikafuata mkusanyiko wa hadithi uitwao Tales from Earthsea na riwaya ya mwisho, The Other Wind. Tumezichagua kazi hizi kwa kuwa mwandishi aliurudia ulimwengu aliouumba mwenyewe, akauweka kizimbani. Katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1992, uliochapishwa mwaka uliofuata, Le Guin alikiri kwamba alipoandika riwaya za mwanzo alikuwa ndani ya desturi ya masimulizi ya kishujaa ambayo kimsingi ni masimulizi ya wanaume kuhusu wanaume. Si waandishi wengi wanaokubali kujikosoa hadharani namna hiyo. Lakini ungamo la mwandishi halimfungi mhakiki. Swali letu ni hili: je, uwezo anaopewa mwanamke katika Tehanu ni uwezo wa kweli, au ni kifuta machozi tu?

Kuna jambo moja la kinadharia ambalo halina budi kutangulizwa. Katika riwaya ya kihalisia, mjane akinyimwa shamba la marehemu mumewe, msomaji anajua kwamba aliyemnyima ni sheria, au mila, au shemeji, na kwamba vitu hivyo vimewekwa na watu na vinaweza kuondolewa na watu. Katika fantasia hali ni tofauti. Mwandishi ndiye anayeamua jua lichomoze wapi na maneno yawe na nguvu gani. Kwa hivyo akiamua kwamba uganga wa juu ni wa wanaume pekee, hajausawiri ubabedume tu. Ameugeuza kuwa maumbile, sawa na mvua kunyesha kutoka juu kwenda chini. Hapo ndipo lilipo zito la mada yetu. Fantasia inaweza kuitetea taasubi ya kiume kwa namna ambayo uhalisia hauwezi, na kwa sababu iyo hiyo inaweza kuiangusha kwa namna ambayo uhalisia hauwezi.

Upanga wa kuazima

Mwanamke shujaa hakuzaliwa katika fantasia mwaka 1990. Mwaka 1934, katika jarida la Weird Tales, C. L. Moore, mwanamke aliyetumia herufi za mwanzo za majina yake, alichapisha hadithi ya Jirel, mtawala wa ngome ya Joiry. Tunakutana naye akiwa mateka ndani ya mavazi ya chuma. Mshindi wake anapomvua kofia ya vita ndipo anapotambua kwamba jemadari aliyekuwa akipigana naye ni mwanamke. Jirel anateremka katika nchi ya giza kutafuta silaha ya kulipizia kisasi, anaipata, anaitumia. Lakini adui anapoanguka, tunafichuliwa kwamba Jirel alikuwa akimpenda mtu huyo. Ushindi unageuka msiba papo hapo, na shujaa anaachwa akimlilia aliyemdhalilisha. Ni kana kwamba hadithi imejiogopa yenyewe.

Éowyn wa Tolkien, katika The Return of the King (1955), anajulikana zaidi. Anavaa nguo za kiume, anajiita Dernhelm, anakwenda vitani alikokatazwa, na anamuua adui ambaye ilitabiriwa kwamba hataangushwa na mkono wa mwanamume. Utabiri huo ni kitendawili kinachosimama juu ya neno la Kiingereza ambalo huweza kumaanisha binadamu na huweza kumaanisha mwanamume. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuchagua kati ya mtu na mwanamume, na akishachagua, kitendawili kimefumbuliwa kabla ya kutegwa. Maana yake ni kwamba ushindi wa Éowyn umetegemea, kwa kiasi fulani, upenyo katika lugha. Baada ya vita anauguzwa, anauacha upanga, anaazimia kuwa mponyaji na kuolewa. Sisemi kwamba kuponya ni duni kuliko kuua. Tolkien mwenyewe hasemi hivyo, na wanaume wake wengi nao wanachoshwa na vita. Ninachosema ni kwamba upanga ule ulikuwa wa kuazima. Uliposharudishwa, hapakuwa na jina la uwezo uliobaki mikononi mwake.

Waandishi waliofuata walijaribu kumwachia mwanamke upanga wake. Robin McKinley, katika The Hero and the Crown (1984), alimpa binti mfalme Aerin majoka ya kuua, na wasomaji wengi wa kike wamemshukuru kwa hilo. Mimi pia simlaumu. Lakini kumweka mwanamke pale alipokuwa mwanamume, huku kiti chenyewe kikiwa kile kile, hakujibu swali la nani alikitengeneza kiti hicho na kwa kipimo cha nani.

Mganga, mchawi, shujaa

Mjadala huu ukiendeshwa kwa Kiswahili unafichua mambo ambayo Kiingereza huyafunika. Kiingereza cha Earthsea kina jina moja la mtaalamu wa kiume, aliyesoma katika chuo cha kisiwa cha Roke, na jina jingine la mwanamke wa kijijini anayezalisha, anayetafuta mbuzi waliopotea na kuuza hirizi za mapenzi. Kiswahili hakigawi hivyo. Mganga aweza kuwa mwanamume au mwanamke, mchawi vilevile. Sisi hugawa kwa nia ya mtendaji: mganga huponya, mchawi hudhuru. Kwa hivyo mwalimu anayeifundisha Earthsea kwa Kiswahili hujikuta katika njia panda. Akisema waganga wa Roke na wachawi wa vijijini, amekwisha kuhukumu kwamba wanaume huponya na wanawake hudhuru. Na kumbe hiyo ndiyo hukumu ya watu wa Earthsea wenyewe, kwani wana misemo inayouita uganga wa wanawake kuwa dhaifu na kuwa mwovu kwa pumzi moja. Mgawanyo wa jinsia umevikwa vazi la mgawanyo wa maadili. Katika makala haya tutatumia neno mganga kwa wote, tukitaja jinsia panapohitajika.

Neno shujaa nalo halina jinsia. Lakini tusijisifu mapema. Lugha yetu iliyompa mwanamke nafasi katika nomino imemnyang'anya katika kielezi: mtu aliyekata tamaa huambiwa ajikaze kiume, na anayevumilia uchungu husifiwa kwamba amevumilia kiume, hata kama uchungu wenyewe ni ule ambao hakuna mwanamume aliyepata kuuonja.

Katika A Wizard of Earthsea (1968) hukumu hiyo haijahojiwa. Mwalimu wa kwanza wa Ged ni shangazi wa nyumbani, dada ya mama yake, mganga wa kijiji cha kisiwani Gont. Yeye ndiye anayetambua kwamba mtoto huyu ana kipawa na kumpa maneno yake ya mwanzo. Kisha anasahaulika. (Kiswahili cha nasaba kingemwita mama mdogo au mama mkubwa, na labda kingetuzuia kumsahau upesi hivyo.) Mwanamke wa pili mwenye uwezo, Serret, ni mshawishi na msaliti. Wa tatu, Yarrow, ni dada wa rafiki, msichana mchangamfu wa jikoni. Mama aliyetumika na kusahauliwa, mlaghai, na dada mwema: orodha hii tumeikuta katika riwaya zetu pia, na haihitaji maelezo marefu.

Chini ya mawe ya Atuan

The Tombs of Atuan (1971) inabadilisha mandhari ghafla. Sasa tuko jangwani, mahali pa makaburi ya kale panapokaliwa na wanawake, wasichana na matowashi. Mtoto Tenar amechukuliwa kwa wazazi wake angali mdogo kwa kuwa alizaliwa usiku aliofariki kuhani mkuu wa Wasio na Majina. Inaaminiwa kwamba yeye ndiye kuhani yule yule aliyezaliwa upya. Jina lake linaondolewa. Anaitwa Arha, Aliyeliwa.

Riwaya hii inafaa kuwa onyo kwa kila anayedhani kwamba kumkweza mwanamke ni sawa na kumkomboa. Arha ana madaraka yote. Hakuna anayeruhusiwa kumwamuru. Mzingile ulio chini ya ardhi ni wake yeye pekee. Ana haki ya kuamua namna wafungwa watakavyokufa, na anapolazimika kuamua kwa mara ya kwanza anaagiza wafe kwa njaa na kiu gizani. Kisha analala akiota ndoto za kutisha. Hayo ndiyo madaraka yake: kuua kwa niaba ya miungu asiyoichagua, katika mahali asipoweza kutoka. Tena nguvu za kisiasa hasa zimo mikononi mwa Kossil, kuhani wa Mfalme-Mungu, ambaye haamini chochote isipokuwa mamlaka. Le Guin ameona jambo ambalo baadhi ya wahakiki wa kifeministi wa wakati ule hawakutaka kuliona, kwamba taasisi inayoendeshwa na wanawake watupu inaweza kuwa mtumishi mwaminifu wa enzi ya kiume iliyo mbali.

Maarifa ya Arha yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Watu wake huhesabu maandishi kuwa uganga mbaya, kwa hivyo hajui kusoma. Mzingile anaujua kwa kukariri idadi ya njia na kwa kupapasa kuta kwa vidole, kwani kuwasha mwanga katika sehemu iliyo takatifu zaidi ni mwiko. Ni maarifa ya mdomo na ya mwili. Ged anapoingia kutafuta nusu iliyopotea ya pete ya Erreth-Akbe, msomi huyu wa Roke, anayejua majina ya vitu katika lugha ya uumbaji, anapotea na kunaswa. Uganga wake unaweza kuwazuia Wasio na Majina wasiwaangamize. Hauwezi kumwonyesha njia. Njia anaijua msichana asiyejua kusoma.

Nani basi amemwokoa nani? Katika semina moja ya uzamili tuliligeuza swali hili kwa saa mbili, na wanafunzi wakagawanyika nusu kwa nusu. Wapo walioshikilia kwamba Tenar ni binti mwingine wa ngano aliyetolewa katika pango la zimwi na kijana aliyetoka mbali. Wapo waliojibu kwamba yeye anampa maji, naye anamrudishia jina lake, na kwamba hakuna ambaye angetoka peke yake. Nawaunga mkono hawa wa pili kwa sehemu kubwa ya riwaya, ila mwisho wake unawapa hoja wale wa kwanza. Baada ya kutoroka, Tenar anamwinulia Ged kisu wakiwa ufukweni, kwa ghadhabu ya mtu aliyepewa uhuru kabla hajaomba; kisha anakishusha. Tukio hilo ni la ukweli mkubwa wa kisaikolojia. Lakini baadaye anaongozwa kuingia mji wa Havnor akiwa na pete mkononi, na kitabu kinafungwa. Mwandishi amemfikisha mwanamke huru mlangoni, na hana chumba cha kumwingiza.

Inashangaza, au pengine haishangazi, kwamba riwaya iliyofuata, The Farthest Shore (1972), haimtaji kwa chochote cha maana. Ni safari ya wanaume wawili kuelekea nchi ya wafu. Tuipite.

Tehanu na swali la mlangoni

Tunapokutana na Tenar tena mwaka 1990 yeye ni mjane wa makamo kisiwani Gont. Majirani humwita Goha, jina la buibui mdogo mweupe, kwa kuwa yeye ni mweupe katika jamii ya watu weusi na wa rangi ya shaba. Amekuwa mke wa Flint na mama wa watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima. Msomaji wa kwetu hashangai kusikia mwanamke mwenye historia kubwa akipotea ndani ya jina la mumewe na wanawe. Mitaa yetu imejaa akina Mama Fulani ambao majirani wa miaka ishirini hawajui waliitwa nani na wazazi wao. Tofauti ni kwamba katika Earthsea jina la kweli ndilo uwezo wenyewe, kwa hivyo kufunikwa kwa jina si adabu tu ya ujirani. Shamba analolilima, kwa sheria ya Gont, ni la mwanawe Spark aliye baharini.

La kushangaza zaidi ni kwamba Tenar aliwahi kupewa nafasi ya elimu. Ogion, mganga aliyekuwa mwalimu wa Ged, alimchukua kama binti na kuanza kumfundisha vitabuni. Aliacha. Alitaka kuwa mke na mama kama wanawake wengine. Uamuzi huu umewakera wasomaji wengi wa kifeministi, na sidhani tunapaswa kuwatuliza haraka. Hoja ya Tenar ni kwamba elimu ile ilikuwa vazi lililokatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Hoja hiyo ni ya haki, lakini ni hatari pia, kwa sababu ndiyo hoja iliyotumiwa vizazi na vizazi kuwazuia mabinti wasiende shule: haiwafai, haiwakai. Tofauti kati ya mwanamke anayelikataa vazi na mwanamke anayekatazwa kulivaa ni kubwa mno, na katika baadhi ya kurasa Le Guin anaiacha tofauti hiyo ififie.

Therru ndiye kiini cha riwaya. Ni mtoto aliyenajisiwa, akapigwa na kutupwa motoni na watu wake mwenyewe, baba yake akiwa miongoni mwao. Upande mmoja wa uso wake umeungua, jicho moja limekufa, mkono umekunjamana, sauti imekwaruzika. Tenar anamlea. Hapana uganga unaoweza kumponya, na riwaya haituahidi kwamba upo. Ged anarudi mgongoni mwa joka Kalessin akiwa ameutumia uganga wake wote hadi ukaisha; aliyekuwa mkuu wa waganga wote sasa ni mtu mwenye haya anayejificha milimani akichunga mbuzi wa watu. Wasomaji wa kiume walilalamika sana kwamba Le Guin amemhasi shujaa wao. Lalamiko hilo lina ushahidi usiokusudiwa: linatuonyesha ni kiasi gani ushujaa na uume vilikuwa kitu kimoja vichwani mwao.

Mazungumzo ya Tenar na Moss, mganga mzee wa Re Albi, ndiyo yaliyonishughulisha zaidi. Moss ana nadharia yake. Kwake yeye, uwezo wa mwanamume umejaa ndani yake kama kokwa ndani ya ganda, na ukitoka ganda linabaki tupu. Uwezo wa mwanamke una mizizi inayoshuka gizani ambako hakuna anayejua mwisho wake. Maneno yake ni mazuri, na wahakiki kadhaa wameyachukua kuwa ndiyo falsafa ya riwaya. Wanakosea. Wanasahau ni nani anayesikiliza. Tenar aliwahi kuwa kuhani wa giza. Alilitumikia, akaua kwa jina lake. Moss anapouliza ni nani atakayethubutu kulihoji giza, Tenar anajibu kwamba atalihoji yeye, kwa kuwa amekaa humo vya kutosha. Hapa Le Guin anawakatalia wote wawili: chuo cha Roke kinachosema mwanamke hana uwezo, na Moss anayesema anao lakini usioelezeka. Uwezo usioelezeka ni rahisi kuusifu na ni rahisi kuunyima kura. Makuhani wa Atuan walisifiwa vivyo hivyo.

Basi uwezo huo uko wapi? Tukio la usiku shambani linajibu sehemu ya swali. Wanaume waliomchoma Therru wanakuja kumchukua. Tenar anafunga madirisha, mtoto yuko ndani. Kisha, akiisha kuchoka kungoja mlango uvunjwe, anachukua kisu cha kuchinjia, anaufungua mlango mwenyewe na kuwaita waingie. Kisu kile cha ufukweni kimerudi. Safari hii hakielekezwi kwa aliyemfungulia, wala hakiinuliwi kwa sababu ya kuchanganyikiwa. Ni kisu cha jikoni, naye ni mwanamke wa jikoni, na anaogopa. Ni kweli kwamba Ged ndiye anayemchoma mmoja wao kwa uma wa kugeuzia majani makavu huko nje, na mhakiki mkali anaweza kusema kwamba tendo limerudishwa kwa mwanamume. Lakini nani alikuwa amesimama mlangoni? Ged hakutumwa na hekima yoyote ya Roke. Alikuwa mchungaji mwenye chombo cha zizini. Wote wawili wanapigana kwa vyombo vya kazi zao.

Tusidhani kwamba ushujaa wa jikoni ni uzushi wa Le Guin. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa mwenye nguvu kupita watu wote amefungwa na hana la kufanya. Anayemfungua ni mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa ili walinzi wasiutamani, na kijakazi Saada aliyeubeba mkate huo. Mara nyingi tumewafundisha wanafunzi wetu utenzi huo kama sifa za Liyongo peke yake. Hesabu ya uhodari wake ingekuwa fupi bila tanuri ya mamake.

Hata hivyo, hoja ya jikoni ina mpaka wake, na ni hapa ninapotofautiana na wapenzi wa Tehanu. Katika sura za mwisho Aspen, mganga wa Re Albi anayewachukia wanawake kwa chuki isiyo na kiasi, anamfunga Tenar kwa laana. Ulimi wake unakufa, akili inavurugika, anatambazwa chini kama mbwa. Kisu hakisaidii. Upendo hausaidii. Yote aliyoyajenga kwa miaka ishirini na mitano ya kulima, kuzaa na kulea hayawezi kumtoa katika kamba ile. Ni kurasa chungu, nazo ni za kweli: mwanamke aliyenyimwa lugha ya mamlaka yumo mikononi mwa yeyote aliye nayo, hata awe mwema kiasi gani. Kwa maneno mengine, riwaya yenyewe inalipa swali la elimu iliyoachwa jibu ambalo Tenar hakulitoa. Vitabu vya Ogion vilikuwa na kazi.

Anayewaokoa ni Therru, kwa kuliita joka. Wahakiki wengine wameuona mwisho huu kuwa hila ya mtunzi aliyekwama, kama mungu anayeteremshwa kwa kamba jukwaani ili amalize tamthilia. Sikubaliani nao. Kalessin haji kwa hiari ya mtunzi, anaitwa. Na anaitwa na mtoto mwenye sauti ya mkwaruzo, katika lugha ya uumbaji ambayo hakufundishwa na mtu, lugha ambayo wanaume wa Roke huhangaika nayo maisha yao yote. Kisa cha mwanamke wa Kemay, kinachosimuliwa mapema katika riwaya, kimekwisha kutudokezea kwamba hapo kale binadamu na majoka walikuwa kitu kimoja. Kwa hivyo sheria ya maumbile iliyosema kwamba lugha hiyo ni mali ya wanaume imevunjwa na maumbile yenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo riwaya ya kihalisia isingeweza kulifanya. Ingemwonyesha mtoto huyu akipata haki mahakamani, au akiikosa. Isingeweza kuonyesha kwamba ulimwengu ulikuwa wake tangu mwanzo.

Ninabaki na shaka moja. Je, Therru ni joka kwa sababu aliungua? Kama moto wa waliomnajisi ndio uliomfanya awe na moto wa majoka, basi tumeirudia imani mbaya kwamba mateso ya mwanamke ni mahari ya uwezo wake. Riwaya inajikinga dhidi ya usomaji huo kwa jambo moja dogo: Kalessin hamponyi. Anampa jina lake la kweli, Tehanu, kisha kovu linabaki, jicho linabaki limekufa, naye anachagua kukaa na wazazi wake wa kulea. Kovu halikulipwa. Lakini kinga hiyo ni nyembamba, na msomaji wa haraka ataivuka bila kuiona.

Baada ya Tehanu

Uzito wa swali la elimu unaonekana vizuri zaidi tukimlinganisha Le Guin na Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ambaye Who Fears Death (2010) imewekwa katika Sudan ya wakati ujao. Onyesonwu, aliyezaliwa kwa ubakaji wa kivita, anataka kufundishwa uganga na mzee Aro. Aro anamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Anamrudia, anakataliwa tena, mpaka ghadhabu yake inapoifungua nyumba ile kwa nguvu. Onyesonwu hatafakari kama vazi litamkaa. Analitaka, analivaa, na linamgharimu. Aidha, Okorafor anathubutu kuingiza tohara ya wasichana, ambayo shujaa wake anaiendea kwa hiari akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja ili asiwaletee wazazi aibu, na ambayo imetiwa uganga wa kuyageuza matamanio kuwa maumivu. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uzito wa sura hizo. Kama kazi ya sanaa, riwaya ya Okorafor haina utulivu wa Tehanu, na vurugu zake mara nyingine humzidi mtunzi. Lakini mlangoni kwa Aro amelitenda lile ambalo Le Guin alilikwepa mlangoni kwa Ogion.

Le Guin mwenyewe huenda aliliona pengo hilo. Katika hadithi ya “The Finder” (2001) anatueleza kwamba chuo cha Roke kilianzishwa na wanawake pamoja na wanaume, na kwamba kuwafukuza wanawake kulikuja baadaye. Nia ni njema, na kwa nadharia tuliyoanza nayo ni hatua kubwa: kile tulichoambiwa kuwa ni maumbile sasa ni historia, na historia ina tarehe na wahusika. Ila inasomeka kama marekebisho ya kumbukumbu za mkutano. Tunaarifiwa kwamba wanawake walikuwapo. Katika Tehanu tulimwona mmoja akitambazwa sakafuni, na tukajua kwa nini walipaswa kuwapo.

Mwishoni mwa The Other Wind Tehanu anageuka joka na kuruka, kovu na vyote vikiwa vimeachwa chini. Ni picha nzuri, na wahakiki wengi huishia hapo. Mimi ninamfuata Tenar, ambaye hana mabawa. Yeye anarudi Gont kwa merikebu, kwenye nyumba ya Ogion, kwa Ged na bustani yake. Rafuni, kama hatujasahau, kulikuwa na vitabu alivyovifunga alipokuwa msichana. Hakuna riwaya hata moja kati ya hizi inayotuambia kama alipata kuvifungua tena hadi mwisho.